Babu alijituma kuliko sisi wote na akafa kapuku: uzi wa tuliozaliwa kambi za mkonge

Mjukuu wa Manamba

Wakuu, salaam.

Humu ndani kila baada ya muda anaibuka mtu na wimbo uleule: koo fulani ni maskini kwa sababu ya uvivu, waamke alfajiri, waache kulalamika, watatoboa. Nimekuwa nikipita kimya. Leo nina nafasi, acha nieleze ya kwetu. Ni ndefu, mwenye haraka apite salama.

Babu yangu mzaa baba ni Muha wa Kasulu. Alikuja Tanga miaka ya hamsini, kijana hana hata ndevu. Waliomleta ni SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa 1944, kazi yake kusaka vibarua wa mkonge kutoka mbali: Kigoma, Tabora, Songea, mpaka Urundi na Msumbiji. Wenyeji wa Korogwe na Muheza walikuwa na mahindi yao na migomba yao, wengi hawakuona sababu ya kufa na mkonge wa mtu. Ila ukimtoa mtu Kasulu ukamshusha Tanga, hana shamba, hana mjomba wa kumkopa debe la mahindi, na nauli ya kurudi hana. Huyo atakata mkonge tu, atake asitake.

Kazi ilikuwa kwa ngwe, yaani kipimo cha kazi ya siku. Ukimaliza ngwe yako nyapara anakuwekea alama kwenye kipande, ile kadi yako ya kazi. Usipomaliza, hata kama umebakiza mstari mmoja, siku hiyo haipo. Kipande kilikuwa cha siku 30 na mshahara hautoki mpaka zijae. Ukiugua malaria ukalala, wenzako wanalipwa, wewe bado unatafuta alama.

Mimi nimemkuta babu mzee. Jicho la kushoto halioni. Waliowahi kuingia shambani wanajua, kila jani la mkonge lina mwiba mweusi kwenye ncha, na mkataji anainama katikati ya hayo majani kutwa nzima. Vidole vya mkono wa panga vilikataa kukunjuka, kikombe cha chai alikuwa anakibana kwa viganja viwili. Utomvu wa mkonge unawasha, na ngozi ya mikono yake ilikuwa na mabaka ambayo mpaka anazikwa hayakutoka. Huyo ndiye mnayetaka kuniambia hakujituma? Kwenye ukoo wetu hakuna aliyefanya kazi kumzidi, na mimi niliyesoma ndiye mvivu wa kwanza.

Sasa kwa nini alikufa hana kitu? Jibu langu halina mafumbo. Kila alichopata kilikuwa na mwenyewe kabla hajakishika.

Baba alirithi kazi palepale, yeye aliwekwa kiwandani, korona, kwenye mashine ya kuchakata majani, baadaye chumba cha brashi ambako singa, yaani nyuzi za mkonge, zikishakauka zinasuguliwa kabla ya kufungwa marobota. Kambini kulikuwa na duka linalokopesha kwa daftari. Nilikuwa natumwa mimi, kwa hiyo ukurasa wetu naukumbuka ulivyokaa: jina la baba juu, chini yake sukari robo, mafuta ya taa kibaba, dagaa fungu, Panadol mbili, sabuni kipande, na pembeni jumla imefutwa na kuandikwa upya kwa kalamu nyingine. Bei ya daftari haikuwa bei ya fedha taslimu. Kila mtu alijua. Hakuna aliyeuliza, maana ukiuliza unaambiwa kanunue mjini, na mjini hakuna wa kukukopesha. Siku ya mshahara mwenye duka anaweka kiti chake karibu na dirisha la malipo. Baba anapokea kwa mkono huu anatoa kwa ule. Kinachobaki hakifiki wiki ya pili, daftari linafunguliwa upya.

Nyumba nayo ni ya shamba. Unalala pale kwa sababu unafanya kazi. Ukistaafu, ukivunjika mgongo, ukifa, nyumba inaondoka na kazi.

Na wakati baba anafanya kazi, mkonge wenyewe ulikuwa unakufa. Kwa wasiojua, ule mmea si wa hapa. Mjerumani mmoja, Hindorf, aliuagiza 1893, miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na humo ndimo kilipoanzia kilimo cha mkonge mnachokiona ukipita na basi kati ya Mombo na Muheza. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani laki mbili, hakuna aliyetushinda duniani. Kisha kamba za nailoni zikaingia, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa 1967, uangalizi ukalegea. Kufika mwisho wa miaka ya tisini hata tani 30,000 kwa mwaka ilikuwa shida. Kwenye vitabu hizo ni takwimu. Kambini maana yake ni kwamba mshahara wa Machi unatoka Juni, na daftari linaendelea kujaa.

Baba alifariki 1999, kifua. Msiba haujapoa tukaambiwa nyumba inahitajika. Shamba silitaji, waliokuwepo wanalijua.

Nakunywa chai, naendelea.

Kipara Ngoto

Nipo siti ya mbele mkuu. Shusha nondo.

Mzee wa Hesabu

Pole kwa msiba. Ila nikuulize bila ubaya. Wangapi walikuwa kambi hiyohiyo, mshahara huohuo, na wakaweka akiba? Lazima walikuwepo. Mimi naamini ni nidhamu ya fedha. Mtu anapata kidogo anakinywa.

Mjukuu wa Manamba

Mzee wa Hesabu, pombe ilikuwepo, sifichi, na kuna nyumba iliziharibu. Baba hakuwa mnywaji. Babu alikunywa Jumapili.

Walioweka akiba walikuwepo pia, nakubaliana na wewe. Angalia walikuwa nani. Wengi ni wale waliotoka karibu, Wazigua na Wasambaa, wenye shamba la ukoo la kuvuna mahindi na maharage. Chakula hawanunui, kwa hiyo daftarini wanaandika chumvi na kiberiti. Mshahara wao ulikuwa mshahara kweli. Wetu ulikuwa deni lililochelewa kulipwa. Nidhamu ni nzuri ukiwa na cha kuwekea nidhamu.

Jembe la Mavuno

Mkuu umeeleza vizuri ya mwilini lakini ya rohoni umeyaruka. Babu jicho, baba kifua, nyumba mmetolewa. Hapo kuna madhabahu ya ukoo inayodai. Mpaka ivunjwe hata mkisoma vipi hela itapita kama maji. Nasema kwa upendo.

Mjukuu wa Manamba

Jembe, nimekusoma na sijakasirika, maana mama yangu pia aliambiwa hivyo na akatoa sadaka ambayo ingenunua viatu.

Ila nieleze jambo moja. Chumba cha brashi kilikuwa na vumbi ambalo ukiingia dakika chache unatoka nyusi nyeupe. Waliofanya kazi mle karibu wote walikohoa. Waha, Wabena, Wamakonde, Wanyamwezi, kila mtu na ukoo wake na mizimu yake. Waliokuwa nje wanaanika singa kwenye waya hawakukohoa hivyo. Madhabahu gani hiyo inayopanga watu kwa idara?

Kipara Ngoto

Hahahaaa "inapanga watu kwa idara". Nimecheka kwa sauti ofisini.

Mjukuu wa Manamba

Tuendelee.

Tulihamia chumba kimoja cha kupanga Manundu, Korogwe mjini. Mama, dada yetu mkubwa, mimi, na wadogo wawili. Mama akaanza kuuza mihogo ya kuchemsha na kachumbari stendi. Dada alikuwa amemaliza la saba na amefaulu. Hakwenda. Hakuna kikao kilichokaa kuamua hilo, alipatikana tu mama mmoja aliyekuwa anatafuta binti wa kazi Dar, na asubuhi moja dada akapanda basi. Alikuwa mdogo kuliko wanafunzi ninaowafundisha leo kidato cha pili.

Fedha alizituma kwa bahasha, anampa konda, mama anaingojea stendi. Hakukuwa na M-Pesa wakati huo. Mara nyingine bahasha inafika imepungua na unanyamaza, kwa sababu konda ni yuleyule wa mwezi ujao.

Hapa ndipo wengi wanategemea niseme fedha ile ilinisomesha. Bado. Mama alifanya kitu ambacho majirani walimwona amechanganyikiwa. Watoto wanalala kwenye mkeka, sare zina viraka, yeye bahasha baada ya bahasha anampelekea mzee mmoja pembeni ya mji, analipia kiwanja kidogo kidogo. Hakununua kitanda, hakununua hata sufuria ya pili. Mjomba alikuja kumgombeza, mama akamwambia, "Mimi sifukuzwi tena na mtu." Basi.

Tukajenga kwa miti na udongo, sisi wenyewe, bati akaunga-unga baadaye. Nyuma akapanda muhogo na migomba.

Wakuu, naomba mnielewe hapa kwa sababu ndiyo sababu ya uzi huu. Siku tuliyohamia pale kipato chetu kilikuwa kilekile. Mihogo ileile, bahasha ileile. Kilichobadilika ni kwamba kodi ya chumba ilikoma, muhogo wa kuuza na wa kula ukatoka nyuma ya nyumba, na mama akawa na chumba cha pili cha kupangisha. Kwa mara ya kwanza tangu babu ateremke kwenye lori, shilingi ikiingia inalala nyumbani. Nilipochaguliwa kidato cha kwanza 2001, ada ilikuwepo. Kama ningechaguliwa mwaka mmoja mapema, leo hii ningekuwa konda, na wala sitanii.

Baada ya hapo barabara ilikuwa imechongwa na wengine, mimi nilipita tu. Wadogo zangu walimalizia shule ya msingi bila ada maana serikali iliiondoa kuanzia 2002. Nilipofika chuo 2007, Bodi ya Mikopo ilikuwa tayari inafanya kazi, nikachukua ualimu. Boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, lilipoingia, sehemu ilirudi Korogwe. Mkopo nimeulipa mpaka senti ya mwisho, mwanzo wanakata asilimia 8 ya mshahara, ilipopanda 15 nikakaza mkanda. Babu angepata mkopo wa masharti yale angeoa mara mbili.

Mwana wa Majani Chai

Ndugu, niko Kericho, Kenya. Umeandika mambo ya babangu na hujawahi kumwona. Wazee wangu walitoka Kisii kuja kuchuna majani chai. Nyumba ya kampuni, maji ya kampuni, shule ya kampuni, na ukifika miaka ya kustaafu unapewa barua, unapakia godoro kwa pickup urudi "nyumbani" ambako ndugu zako walishagawana shamba na hawakukumbuka. Babangu alirudi kijijini kama mgeni.

Mimi niliokolewa na elimu ya bure ya 2003, nilikuwa nishatoka shule kwa sababu ya pesa za ujenzi na mitihani, nikarudi nikiwa mkubwa kuliko wenzangu darasani. Walinicheka, nikazoea. Lakini kuna jambo hujagusa. Sisi tulilia kwa sababu kazi ya kuchuna ilikuwa ngumu. Siku hizi mashine zinachuna. Vijana waliobaki kule hawana hata ile kazi ngumu ya kulalamikia. Huyo hana daftari, hana nyumba, hana kipande. Ananyanyukia wapi?

Mjukuu wa Manamba

Mwana wa Majani Chai, karibu sana. Swali lako ni zito na sina jibu la kukufurahisha. Huku mkonge umeanza kurudi, serikali inahimiza wakulima wadogo, na kuna watu wa kambi za zamani waliopata vipande vya ardhi wanalima wenyewe na kupeleka majani korona. Wanaokwenda vizuri ni wale ambao kipande kina jina lao kwenye karatasi. Wanaolima kwa maneno ya mdomo wako palepale alipokuwa babu. Mkonge unachukua kama miaka mitatu kabla hujakata jani la kwanza, na mtu asiye na hakika ya ardhi hawezi kungoja miaka mitatu.

Mama Tausi

Nimesoma yote kimya kimya. Mwalimu, hongera. Sasa nina swali moja, na wanaume humu huwa hamlipendi. Dada yuko wapi?

Mzee wa Hesabu

Mama Tausi umeuliza la maana. Hata mimi nilikuwa namngoja.

Mjukuu wa Manamba

Nilijua litakuja.

Dada yuko Chanika, Dar es Salaam. Alifanya kazi za ndani nyumba tofauti, baadhi wema, moja walimkatalia mshahara wa mwaka mzima wakamrudisha na nauli tu. Baadaye akapika chakula kwenye vibanda vya mafundi, mama lishe. Magoti yanamsumbua. Ana binti mmoja na baba wa binti hayupo.

Wadogo zangu, mmoja ni nesi, mwingine ana gereji Segera. Kila sherehe ya familia tunapigiwa makofi sisi watatu, MC anasema "mama amezaa wasomi", na dada yuko jikoni anagawa pilau. Nimeliona hilo mara nyingi na linanikera kila mara. Jamaa wanaotusifia kwamba tumeukata umaskini wa ukoo hawaoni kwamba kwa mmoja wetu haukukatika, ulilimbikizwa. Sehemu yake na yetu yote alibebeshwa yeye.

Ukimpa fedha anazikataa, au anazipokea na kuzirudisha kwa mlango wa nyuma, utakuta amemnunulia mwanangu baiskeli. Kumlipa kwa hisani hakulipiki. Basi tulikaa na mama mwaka juzi, akiwa hai na akili zake timamu, tukakubaliana kiwanja cha Korogwe kiandikwe jina la dada. Kimekuwa cha thamani sasa, mji umekifikia, kuna vyumba sita vya wapangaji. Kodi inakwenda kwake moja kwa moja, kwenye simu yake, haipiti kwa mtu.

Binti yake tumemkatia bima na yuko kidato cha nne, ada kwa shule za serikali iliondolewa tangu 2016 kwa hiyo ni michango na madaftari tu, lakini tumekubaliana gharama ya bweni anabeba yule mwenye gereji. Aliomba mwenyewe.

Mama Tausi

Hapo nimekuelewa. Na wajomba walikubali? Maana kwetu ardhi kwenda kwa mtoto wa kike ni vita.

Mjukuu wa Manamba

Ilikuwa vita. Yule yule mjomba aliyemgombeza mama mwaka 2000 kwamba anatupa fedha kwa kiwanja, alikuja kusema kiwanja ni cha ukoo hakiwezi kwenda kwa mwanamke atakayeolewa. Dada ana miaka arobaini na kitu, aolewe na nani tena, na hata akiolewa? Mama alimuuliza swali moja: kwenye zile bahasha, yako ilikuwa ipi? Mdogo wangu nesi akamsomea na sheria, kwamba Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki sawasawa na mwanaume. Mzee akaondoka bila kula. Amerudi Krismasi iliyofuata, tumesalimiana vizuri.

Mwana wa Majani Chai

"Kwenye zile bahasha, yako ilikuwa ipi?" Huyo mama apewe heshima zake.

Jembe la Mavuno

Mwalimu, kwenye hili la dada nimekubali. Mimi pia ninaye wa namna hiyo, yuko Makambako. Nitampigia.

Kipara Ngoto

Mkuu samahani, narudi kwenye karatasi. Sisi tuna nyumba ya mama Kilosa, nayo ipo kwenye eneo la zamani la mkonge hivyo hivyo, haina hati, ina zile karatasi za mauziano za zamani. Tunataka iende kwa dada yetu kabla mama hajaondoka. Mlianzia wapi?

Mjukuu wa Manamba

Kipara, sisi hatukuwa na hati pia. Tulianza kwa kutafuta karatasi ya mauziano ya kwanza, tukaipata kwenye sanduku la mama na saini ya mzee aliyemuuzia, marehemu sasa, ikabidi watoto wake waje kuthibitisha. Majirani wa pande zote nne wakaja kuonyesha mipaka. Mama akaandika kwamba anampa binti yake, sisi wengine wote tukasaini kwamba tumeridhia, mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wakasaini, kisha tukapeleka kwa wakili akagonga muhuri. Baada ya hapo ndipo tukaanza safari ya kupimiwa, na hiyo bado tunayo, halmashauri wanapima mtaa kwa mtaa.

Fanyeni ndugu wote mkiwepo. Aliyeko mbali msimngoje asaini baadaye, huyo ndiye atakayekuja na mjomba. Na nendeni na picha ndogo za mama na za dada, nakala za vitambulisho vya NIDA, na mhuri wa mtendaji ulizeni yupo siku gani kabla hamjatoka nyumbani.